Geji Inasoma 60, Roka Kavu: Kisa cha Injini ya Morris Minor Iliyotoka Ovahoo

Gari lilifika gerejini kwangu hapa Moshi likitembea lenyewe, halikuvutwa, na hilo lilinipa moyo. Morris Minor 1000 ya mwaka 1959, rangi ya kijivu, milango miwili, injini yake ileile ya sisi 948 (sentimita za ujazo). Mwenyewe ni mwalimu mstaafu. Gari aliachiwa na baba yake, likakaa miaka mingi chini ya mwembe limefunikwa turubai, mpaka alipopata kiinua mgongo na kuamua kulifufua. Alizima injini lakini hakushuka. Alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Fundi, injini hii kabla haijafunguliwa ilikuwa inatoa moshi lakini imetulia. Sasa moshi hakuna, makelele matupu. Nimelipia nini?"

Nikamwambia, "Pole, Mwalimu. Hebu iwashe tena, usikanyage mafuta."

Ilikuwa tiki-tiki nyepesi ya juu, na ndani yake mlio mwembamba kama wa bawaba ya mlango isiyowahi kutiwa mafuta. Kelele ya beringi za krankishafti, ile shafti inayozungushwa na pistoni, ni nzito, hutokea chini, na gari likipanda mlima ndipo huzidi. Hii ilikuwa kavu, na ilikwenda nusu ya mwendo wa injini. Kemshafti, ile yenye nundu zinazofungua valvu, huzunguka mara moja kila krankishafti inapozunguka mara mbili, kwa hiyo kelele ya nusu mwendo inatoka kwa kemshafti au kwa kitu kinachosukumwa nayo. Niliegemeza bisibisi ndefu kwenye kava ya juu, mpini sikioni. Mbele, upande wa feni, kelele ilikuwa ndogo. Nilivyohamia nyuma kuelekea dashibodi, ikawa kali.

Kabla ya kushika spana nilimkalisha Mwalimu, tukaagiza chai, nikamwomba anieleze tangu mwanzo. Injini ilikuwa imefanyiwa ovahoo kamili miezi minne nyuma, katika karakana ambayo sitaitaja. Silinda zilichongwa, pistoni zikawekwa za saizi ya juu, krankishafti ikakerezwa, beringi zote mpya, bushi mpya ya mbele ya kemshafti (pete ambamo shafti huzunguka), hedi, yaani kichwa cha injini, ikasawazishwa na valvu zikasagwa. Siku tatu za kwanza injini iliimba kama cherehani. Siku ya nne tiki-tiki ikaanza. Akairudisha, wakampangia nafasi za valvu, ule uwazi mdogo kati ya valvu na roka inayoikandamiza, ikatulia siku mbili. Ikaanza tena, wakapanga tena. Mara ya tatu walimwaga oili wakaweka nzito zaidi, na chupa ya dawa ya kuongeza kwenye oili juu yake.

Katika maelezo hayo kuna mambo mawili ambayo kwangu yalitosha kunielekeza. La kwanza ni zile siku tatu za ukimya. Injini iliyofungwa vizuri hupakwa oili nzito au grisi maalumu ya kufungia kwenye kila sehemu inayosuguana, na hiyo ndiyo inayoilinda dakika za kwanza mpaka oili ya pampu ifike. Kama oili ya pampu haifiki, ile ya kufungia itashikilia kwa muda, halafu itakwisha. Kelele inayoanza baada ya siku chache ndiyo sura ya tatizo hilo. La pili ni nafasi za valvu. Kiti cha valvu kikilika, valvu huzama ndani ya hedi na nafasi hupungua. Nafasi za Mwalimu zilikuwa zinaongezeka. Nafasi inayoongezeka maana yake kuna chuma kinaliwa mahali kati ya kemshafti na ncha ya valvu: kwenye nundu, kwenye tapeti, kwenye shafti ya roka au kwenye roka yenyewe. Kila safari ya kupanga upya ilikuwa inaficha kipimo cha chuma kilichokwisha kuliwa.

Neno moja kuhusu majina. Mtaani "tapeti" ni kila kitu kilicho chini ya kava ya juu. Hapa nikisema tapeti nina maana ya vile vikombe vya chuma vinavyokaa juu ya nundu za kemshafti, chini ndani ya bloku, yaani mwili wa injini. Juu yake husimama pushirodi, na pushirodi ndiyo inayosukuma roka, na roka ndiyo inayokandamiza valvu.

Nikafungua kava. Ndugu msomaji, kama umezoea kufungua kava ya injini iliyotoka kuzimwa unajua unavyotakiwa kukuta: kila kitu kinang'aa, oili imejaa kwenye vijishimo vya hedi, vidole vinateleza. Hapa roka mbili za mbele zilikuwa na unyevu kidogo, kama uso wa mtu aliyeanza kutoka jasho. Kuanzia ya tatu kwenda nyuma, rangi ilibadilika kuwa kahawia isiyo na mng'ao. Roka ya nane, ya mwisho kabisa, ilikuwa na unga mwekundu pembeni mwa bushi yake, laini kama unga wa tofali. Nilipaka kidole nikausugua: haukuwa na mafuta hata chembe. Unga ule ni chuma kilichosagana na chuma hewani kikapata kutu papo hapo. Nilimwita kijana wangu wa gereji auguse na yeye, kwa sababu ukiushika mara moja hutausahau.

Mwalimu aliinama akatazama, akauliza swali ambalo mafundi wengi pia huuliza: mbona taa ya oili inazimika vizuri? Nikafunga geji yangu kwenye tundu la swichi ya taa. Injini ikiwa ya moto, kwa mwendo wa barabarani, geji ilisoma pauni 60 kwa inchi ya mraba. Ikinguruma polepole ilishuka hadi 20. Kwa injini hii hivyo ni vipimo vya afya kabisa. Kitabu chake hakidai zaidi. Waliofanya kazi ya chini waliifanya vizuri.

Lakini geji inapima presha ya njia kuu ya oili ndani ya bloku, inayolisha beringi za krankishafti. Roka hazipo kwenye njia hiyo. Katika injini hii oili ya roka hupita kwanza kwenye bushi ya mbele ya kemshafti, na hapo hupimwa, inaruhusiwa kidogo kidogo kwa mapigo kadiri kemshafti inavyozunguka. Kutoka hapo hupanda kwenye tundu jembamba ndani ya bloku, hupita kwenye tundu la gasketi ya hedi, hupanda ndani ya hedi, huingia kwenye kikalio cha mbele kati ya vikalio vinne vinavyoshikilia shafti ya roka, na ndipo huingia ndani ya shafti, ambayo ina uwazi kama bomba. Shafti ina matundu madogo chini ya kila roka. Oili hutokea hapo, hulowesha roka, halafu huteremka kwenye mashimo ya pushirodi kurudi kulowesha tapeti. Hii ni njia ndefu na nyembamba. Ukiiziba popote, geji haitajua. Tena ukiiziba, geji inaweza hata kusoma juu kidogo, maana oili iliyokuwa ikienda juu imebaki chini.

Ndiyo maana oili nzito na ile chupa ya dawa hazikusaidia. Kwenye njia nyembamba kama hii oili nzito hupita kwa shida zaidi, hasa asubuhi injini ikiwa baridi.

Kijana wangu, ambaye amelelewa na injini za Volkswagen, alipendekeza tuchomoe pushirodi tuzipulize. Kwa Volkswagen ya kupoozwa kwa hewa angekuwa sahihi kabisa: oili yake hupanda kupitia tapeti na kuingia ndani ya pushirodi zenye uwazi, ikafika kwenye roka. Pushirodi za Morris ni chuma kitupu, hazina tundu. Ninalitaja hili kwa sababu nimeona watu wanatafuta ugonjwa wa injini moja kwa ramani ya nyingine. Kabla hujafungua nati, chora kwenye karatasi njia ambayo oili ya injini hiyo inapita, kutoka pampu mpaka roka ya mwisho. Kama huwezi kuichora, tafuta kitabu chake kwanza. Kwa injini hii kitabu si tatizo. Morris Minor ilizinduliwa London, kwenye maonyesho ya magari ya Earls Court mwaka 1948, kazi ya mbunifu Alec Issigonis, na mwishoni mwa 1960 ilikuwa gari la kwanza la Uingereza kufikisha idadi ya milioni moja. Ukoo wa injini yenyewe ulianzia kwenye Austin A30 mwaka 1951 na ukaendelea mpaka Mini ya zamani ilipoachwa kutengenezwa mwaka 2000. Vitabu na vipuri vyake bado vinauzwa.

Nilikuwa na mchoro, kwa hiyo kazi ilikuwa kukata njia katikati. Kama oili inafika kwenye uso wa hedi, tatizo liko kwenye kikalio au shafti. Kama haifiki, tatizo liko chini. Lakini kwa Morris kuna jambo la kuangalia: vikalio vya roka vimeshikwa na nati ndogo nne, pamoja na nati kubwa nne ambazo ndizo hizohizo zinazoshikilia hedi. Ukizifungua hizo nne peke yake, hedi itabanwa upande mmoja na kupinda, na gasketi itavujisha maji. Kwa hiyo tulimwaga maji ya rejeta, tukalegeza nati zote za hedi kidogo kidogo kwa mpangilio, kisha tukanyanyua shafti nzima na roka zake. Badala ya vikalio tukaweka vipande vya bomba tulivyokata kwa urefu uleule, tukakaza nati tena ili hedi ikae mahali pake. Tukatoa plagi zote, tukapiga stata kwa vipindi vifupi, macho yote kwenye lile tundu dogo la mbele.

Tone likajitokeza. Likajaa taratibu, likasita kwenye ukingo, likamwagika. Stata ikaendelea, likaja lingine.

Hapo nilikosea, na nitasema wazi. Nilifurahi mno. Nilisema moyoni, oili inafika, basi ugonjwa uko kwenye shafti. Na kweli shafti ilikuwa na ugonjwa. Tulipoiweka mezani tukafungua kizibo cha skurubu mwishoni mwake na kuingiza waya, waya ulisimama katikati kana kwamba umegonga ukuta. Ndani kulikuwa na tope jeusi lililokauka na kuwa gumu kama lami ya barabarani, la tangu enzi za baba yake Mwalimu. Karakana ilikuwa imeiosha shafti kwa nje ikang'aa, ila kizibo hakikuwahi kufunguliwa. Kwa roka mbili za mbele njia ilikuwa wazi kidogo. Kuanzia ya tatu ilikuwa imefungwa. Ililingana kabisa na tulichokiona juu ya hedi.

Tena shafti yenyewe ilikuwa imekwisha kuliwa. Roka husukumwa juu pande zote mbili, na pushirodi upande mmoja na springi ya valvu upande wa pili, kwa hiyo mzigo wote unakaa upande wa chini wa shafti. Pitisha ukucha chini yake, kutoka sehemu ambayo haikuguswa na roka kuelekea iliyoguswa. Ukucha ukinasa, shafti haifai. Kwenye nafasi ya roka ya nane ukucha haukunasa tu, ulidondoka ngazi nzima.

Shafti mpya ilipatikana. Roka za injini hii zilikuwa zile nzito za kufuliwa, zenye bushi ya shaba ndani, kwa hiyo zinaweza kuwekwa bushi mpya. Zile nyepesi za bati lililokandwa haziwekwi bushi, zikilika zinatupwa. Fundi kerezo akaweka bushi nane. Hapa nilisimama mwenyewe pale mashineni, kwa sababu kila bushi lazima itobolewe tundu la oili baada ya kuingizwa, sambamba na tundu la roka. Nimewahi kupokea roka zenye bushi nzuri, saizi sahihi, zisizo na tundu.

Jioni hiyo tungeweza kufunga. Mwalimu alikuwa ameshaanza kuulizia siku ya kuchukua gari. Nilikuwa nimeshika shafti mpya mkononi, na kitu kimoja kikawa kinanisumbua: lile tone. Nimeshafungua injini za ukoo huu kadhaa, na ukipiga stata shafti ikiwa haipo, oili hutokea pale kwa mapigo, kidogo lakini kwa nguvu, unaona inaruka kidogo kila kemshafti inapofika mahali pake. Halitokei tone la kusubiriwa. Nilikuwa nimeona oili nikaacha kuuliza ni kiasi gani.

Nikampigia Mwalimu simu. "Mwalimu, naomba unipe siku nyingine. Nimempata mwizi mmoja, lakini nadhani walikuwa wawili."

Alinyamaza kidogo, akasema, "Mtafute, mwanangu. Nimeshasubiri miaka, siku moja haitaniua."

Hedi ikatoka. Gasketi tuliitazama kwenye mwanga: imekaa upande wake sahihi, tundu lake la oili liko mahali pake, halijabanwa. Tundu la ndani ya hedi tulipitisha waya laini wa breki ya baiskeli, tukapuliza kwa kompresa, safi. Kilichobaki ni bloku.

Sasa nieleze kifaa ambacho ningeomba kila gereji inayofungua injini za zamani iwe nacho. Ni pampu ya mgongoni ya kupulizia dawa ya kahawa. Inunuliwe mpya, iliyowahi kubeba mrututu isikaribie injini. Tulitoa bomba la kupulizia, tukaunganisha mpira wake kwenye tundu la swichi ya taa ya oili ubavuni mwa bloku, tukajaza oili iliyopashwa moto kidogo, tukapiga pampu kwa mkono mpaka presha ikasimama. Sasa njia kuu ya bloku ina oili yenye presha huku injini imetulia kimya, na unaweza kuizungusha taratibu kwa hendeli huku ukitazama. Kwa stata injini inakwenda mbio kuliko jicho. Kwa hendeli unaona kila kitu.

Tulisikia oili ikidondoka ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, kutoka kwenye beringi za krankishafti, kama mvua ndogo kwenye bati. Hiyo ni sawa. Nikaweka tochi kwenye lile tundu la juu ya bloku. Kijana akazungusha hendeli mzunguko mmoja, wa pili. Katika sehemu moja tu tundu lilitokwa na jasho. Oili haikuruka. Nikafuta kwa kitambaa, tukarudia, jasho lilelile mahali palepale. Tukabadilisha: nikapuliza hewa kutoka juu kwenda chini kupitia tundu hilo huku kijana akizungusha. Mahali pamoja ilisikika hewa ikipenya kwa mluzi mwembamba sana, kwingine kimya.

Kati ya njia kuu na tundu lile kuna kitu kimoja tu kinachoweza kubana: bushi ya mbele ya kemshafti. Na katika maelezo ya Mwalimu, bushi hiyo ilikuwa mpya.

Nilimwambia Mwalimu ukweli kwamba injini lazima itoke garini. Nilikuwa naogopa angekataa, na kuna njia ya mkato ambayo wengine wangempa. Ni kuvuta bomba la nje kutoka njia kuu ya oili mpaka kwenye hedi, ilishe roka moja kwa moja. Kwa injini za Triumph za miaka ileile kuna vifaa kamili vinavyouzwa kwa kazi hiyo, na mabishano juu yake hayajaisha. Mimi sikuitaka. Bomba hilo huchukua oili ya presha kamili isiyopimwa na kuipeleka juu, na kinachopungua ni oili ya krankishafti. Pia kemshafti ingebaki na bushi yenye kasoro. Roka zingenyamaza, na mimi ningekuwa nimelipwa kwa kunyamazisha kelele.

Injini ikatoka. Tukafungua kava ya mbele, cheni na gia zake. Injini za sisi 948 zina vifuniko viwili ubavuni vya kutolea tapeti, na hilo ni jambo la kushukuru: tapeti zote nane zikatoka kwa vidole, kila moja ikaandikwa namba yake. Ile shafti fupi inayozungusha distribyuta huchomolewa kwa kufungia bolti ndefu kwenye uzi wake wa juu. Kemshafti ikavutwa kwa mbele, taratibu, isije ikakwaruza.

Nikaingiza tochi. Tundu la kupeleka oili juu, ambalo lilipaswa kuonekana duara kamili kupitia bushi, lilionekana kama mwezi mwandamo. Ukingo mwembamba tu wa duara, uliobaki umefunikwa na bushi. Wakati wa kuipiga ndani, bushi ilikuwa imezunguka kidogo, labda milimita 3. Kutoka nje haionekani, kemshafti ikiingia haionekani, na hakuna alama ya kiwandani ya kukuonya.

Simlaumu aliyeipiga kwa nia mbaya. Ninamlaumu kwa kutoangalia, kwa sababu kuangalia ni dakika moja. Sisi tulifanya hivi. Tulichora mstari kwa msumari kwenye ukingo wa bloku sambamba na tundu, na mstari mwingine kwenye ukingo wa bushi sambamba na tundu lake. Tukaivuta bushi ndani kwa bolti ndefu na sahani mbili, bila nyundo, tukisimama kila milimita chache kutazama mistari. Ilipokaa, tukapitisha msumari wa drili wa saizi ya tundu kwa vidole kutoka juu ya bloku mpaka ukatokea ndani ya bushi bila kugusa ukingo. Ndipo fundi kerezo akaipitishia rima, kifaa cha kupanulia tundu, kufikia saizi ya kemshafti, tukaosha kila tundu kwa mafuta ya taa na brashi, tukapuliza.

Tapeti tatu zilikuwa na vishimo usoni, vidogo kama vya ndui. Hapo ndipo watu wengi hawajui uzito wa roka kavu: oili inayoteremka kutoka juu ndiyo inayoongeza unyevu kwenye tapeti, kwa hiyo njaa ya juu hatimaye hushuka chini. Nundu za kemshafti nilizipima kwa maikromita, zote zilikuwa ndani ya kipimo na uso haujachubuka. Tukaweka tapeti mpya zote nane na kuiacha kemshafti. Tapeti mpya kwenye kemshafti nzima inawezekana. Tapeti kuukuu kwenye kemshafti mpya, usithubutu; kila tapeti imeshachongeka kufuata nundu yake.

Kufunga sitakusimulia kwa kirefu. Hedi ilikazwa pauni-futi 40, nati ndogo za vikalio 25. Skurubu ndogo inayozuia shafti isizunguke kwenye kikalio chake ilirudi na kufungwa na kibati chake. Ikisahaulika, shafti huzunguka, matundu yake yakahama na unaanza upya. Nafasi za valvu zote inchi 0.012 injini ikiwa baridi. Kwa injini hii kuna hesabu rahisi ya tisa: valvu namba 8 ikiwa imefunguka kabisa, panga namba 1, ya 7 ikiwa imefunguka, panga ya 2, na kuendelea, jumla daima 9.

Kabla ya kuiwasha tulirudisha pampu ya kahawa. Kava ya juu iko nje, plagi ziko nje, Mwalimu mwenyewe amesimama pembeni mwa bonneti na miwani yake. Kijana alipiga pampu, mimi nilizungusha hendeli. Roka ya kwanza ikang'aa. Ya pili, ya tatu. Mzunguko baada ya mzunguko oili ilitembea kuelekea nyuma. Ilipofika ya saba nilisikia Mwalimu akihesabu kwa sauti ndogo. Ya nane ilichelewa kidogo, halafu tone likachungulia chini ya bushi, likajaza ukingo wote kwa mng'ao, likateremka kwenye ncha ya valvu. Hiyo ni valvu ya kutolea moshi ya silinda ya 4, ya mbali kuliko zote kutoka mahali oili inapoingilia.

Tuliiwasha na kuishikilia kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika 20 bila kuiacha ingurume polepole, ili tapeti mpya zikae na nundu zake zikiwa na oili ya kutosha. Oili tuliyoweka ni 20W-50 yenye zinki ya kutosha. Oili nyingi za magari ya sasa zimepunguzwa zinki kwa ajili ya mitambo ya kusafisha moshi, na injini hizi zenye tapeti za kusuguana bapa zinaihitaji. Ile oili nzito na dawa yake zilimwagwa.

Mwalimu alirudi baada ya kilomita 800, kama tulivyoagana, injini ikiwa imelala usiku mzima. Tukafungua kava. Kila roka ilikuwa imelowa. Tukapitisha fila, kibati cha kupimia nafasi, kwenye valvu zote: saba zilibaki kwenye 0.012 vilevile, na ya tano, ya kutolea moshi, ilikuwa imepungua hadi 0.011. Kiti chake cha valvu kilikuwa kinajikalia, na nafasi inayopungua kiasi hicho baada ya hedi kufunguliwa haininyimi usingizi. Nikairekebisha, nikakaza nati za hedi kwa kipimo, nikafunga kava. Mwalimu aliwasha, akazima redio, akashusha kioo, akapanda barabara ya Marangu.